Brashi ya Rangi Ikikusumbua: Dalili, Chanzo na Tiba Yake

Mlango ulikuwa wa mninga. Tuliupiga msasa siku mbili, na jioni ile nikaumalizia mkono, yaani tabaka, la mwisho la vanishi. Asubuhi jua lilipoingia sebuleni, nywele zikaonekana: nyeusi, fupi, zimelala ndani ya vanishi iliyokwisha kukauka. Nilizihesabu. Kumi na moja kwenye ubao wa juu peke yake. Mwenye nyumba akasema vanishi ni ya bandia. Mjomba, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, hakubishana naye. Aliichukua brashi yangu, akaipiga kiganjani mara tatu, akanionyesha mkono. Nywele nyingine nne. "Vanishi haina kosa, mjomba," akaniambia. "Umeitoa brashi dukani ukaichovya moja kwa moja."

Tuliukwangua mlango wote tukaanza upya. Tangu siku hiyo, nikiitwa kuangalia rangi iliyoharibika, kitu cha kwanza ninachoomba kuona ni brashi iliyotumika. Kopo baadaye, ukuta baadaye. Makosa mengi wanayobebeshwa watengeneza rangi yamezaliwa kwenye brashi, na mengi ya hayo hutokea katika nyakati mbili zisizotiliwa maanani: dakika tano kabla ya kuichovya mara ya kwanza, na dakika kumi baada ya kazi kwisha.

Brashi yenyewe ni kitu gani

Neno brashi (wako wanaosema burashi) tumelipata kwa Waingereza, nalo limebeba vitu vingi: brashi ya viatu, brashi ya nywele, brashi ya waya ya kukwangulia kutu. Ya meno ndiyo iliyobaki na jina lake la zamani, mswaki, lenye asili ya Kiarabu. Kwa hiyo dukani usiseme "nipe brashi" ukaishia hapo. Sema ni ya rangi, taja inchi, kisha taja utapaka nini: rangi ya maji, rangi ya mafuta, vanishi au chokaa. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linaloamua kama kazi itatoka vizuri.

Ishike mkononi uitazame. Kuna mpini, kuna mkanda wa bati, ndani ya bati kuna gundi, na kwenye gundi zimeota nywele. Zitenganishe nywele kwa vidole utaona katikati pana nafasi, kwa sababu ndani ya bati kumewekwa kipande cha mti, plastiki au kadibodi kinachozigawa. Nafasi hiyo ndiyo ghala la rangi. Bila hiyo ungechovya kila baada ya shibiri moja. Ila nafasi ikiwa pana mno, nywele pembeni zimekuwa ukuta mwembamba tu, ujue umeuziwa kipande kinene na nywele chache. Brashi ya namna hiyo inapendeza kwa nje, lakini ukiiminya kwa vidole viwili inabonyea kama mfuko mtupu.

Nywele ni za aina kuu mbili. Za asili, ambazo kwa brashi za nyumba ni manyoya magumu ya nguruwe, nyingi kutoka China. Na za kutengenezwa, yaani nailoni, poliesta au mchanganyiko wake. Nailoni ilianza kuuzwa mwaka 1938, na kazi yake ya kwanza sokoni ilikuwa nywele za mswaki. Unywele wa nguruwe umepasuka ncha kwa asili yake, na mipasuko hiyo midogo ndiyo inayoshika rangi ya mafuta na kuilaza bila alama. Brashi nzuri za kutengenezwa hupasuliwa ncha kiwandani kuiga jambo hilo. Za bei rahisi zimekatwa butu, kama fagio la chelewa lililopunguzwa kwa panga.

Huku Pwani swali la nguruwe huulizwa mara nyingi, hasa kazi ikiwa ya msikiti au mwenye nyumba ni Mwislamu anayejali twahara, na anayo haki ya kujibiwa. Kama kasha halisemi, ng'oa unywele mmoja uuchome kwa kiberiti. Wa mnyama unanuka kama nywele zilizoungua na unabaki jivu linalosagika vidoleni. Wa kutengenezwa unayeyuka na kuwa kishanga kigumu. Dakika moja, na hakuna ubishi tena.

Nywele zinabaki kwenye rangi

Hii ndiyo lawama ninayoisikia kuliko zote. Uliza kwanza: brashi ni mpya au ya zamani?

Brashi mpya kutoa nywele siku ya kwanza ni kawaida. Baadhi ya nywele huwa zimenasa katikati ya wenzake bila kufika kwenye gundi, na hizo ndizo zinazokuja kulala mlangoni kwako. Ipige kiganjani, upande huu na upande huu. Zungusha mpini kati ya viganja viwili kama mtu anayepekecha moto, nywele zikitazama chini. Kisha ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, uisuuze, uichane kwa kitana kikuukuu, uitundike mpaka ikauke kabisa. Mimi nimejiwekea sharti moja zaidi: brashi mpya huanzia kwenye praima (rangi ya kutangulia chini) au mkono wa kwanza, ambako unywele ukibaki utaondoka na msasa. Haigusi mkono wa mwisho.

Ikiwa brashi ni ya zamani na ndiyo kwanza inaanza kutoa, chukua unywele uliotoka uutazame. Ukiwa mzima, mrefu, na mwisho mmoja una chembe ya gundi, au zinatoka kishungi kizima mahali pamoja, gundi imeachia. Kinachoiachisha ni kuloweka. Brashi inalazwa usiku kucha kwenye kopo la tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi ya mafuta, tina inapanda ndani ya bati na kuila gundi kidogo kidogo. Tina kali ya magari ni mbaya zaidi, inaweza hata kulainisha mpini wa plastiki ukanata mkononi. Maji nayo yana ubaya wake: mpini wa mti huvimba ndani ya bati, ukikauka husinyaa, bati likabaki linacheza. Bati unaweza kulikaza kwa vimisumari viwili. Gundi hairudi.

Na kama unywele uliotoka ni mfupi, umekatika katikati, basi brashi imesagwa. Imesuguliwa kwenye plasta ya mchanga isiyopigwa skimu ya kuilainisha, au kwenye tofali tupu. Ukuta wa namna hiyo mpe rola la manyoya marefu au brashi kuukuu, usimpe brashi yako ya milango.

Unywele ukiuona rangi ingali mbichi, usiufukue kwa kucha. Simamisha brashi, uuguse kwa ncha tu. Mara nyingi utapanda wenyewe. Ukikataa, tumia kibanio cha nyusi, halafu pitisha brashi mara moja juu ya alama. Rangi ikishaanza kushika, iache. Isubiri ikauke, upige msasa mahali hapo, urudie.

Brashi inalegea, haisukumi rangi

Ulianza saa mbili asubuhi brashi ikiwa imara, saa nne imekuwa kama kitambaa kilicholowa. Nywele zimelala upande mmoja na rangi inaachwa mafungu mafungu. Umetumia nywele za nguruwe kwenye rangi ya maji. Unywele wa mnyama hunywa maji, huvimba na kulainika, kama nywele za kichwani zinavyobadilika ukitoka kuoga. Hakuna ufundi wa kuurekebisha huku kazi inaendelea. Ioshe, itundike hadi kesho, na leo endelea na brashi ya nailoni au poliesta.

Joto nalo lina lake. Nailoni hulainika kidogo jua linapokuwa kali. Poliesta huvumilia zaidi. Kwa kazi ya nje Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Januari, ninachagua yenye poliesta nyingi.

Michirizi iliyokauka

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Wanaona michirizi ya brashi kwenye mlango, wanaongeza mkono wa tatu, michirizi inazidi, wanaongeza wa nne.

Mchirizi ni rangi iliyokauka kabla haijapata muda wa kujilaza. Ukipitisha brashi, kila unywele unachimba mfereji mdogo. Rangi ikiwa na nafasi, mifereji hujifunika yenyewe. Ikinyimwa nafasi hiyo, inabaki. Kwa hiyo usiulize tu kama brashi ni mbaya. Uliza nini kimeinyima rangi muda.

Angalia jua kwanza. Weka kiganja ukutani au kwenye geti. Kama huwezi kukiacha hapo ukahesabu hadi kumi, usipake. Chuma cha geti lililokaa juani saa saba mchana kinakausha rangi ya mafuta mbele ya brashi. Fuata kivuli: asubuhi paka upande wa magharibi wa nyumba, mchana hamia mashariki. Upepo mkali wa baharini unafanya yaleyale hata kama jua halipo.

Halafu angalia uzito wa rangi. Kopo lililokaa wazi tangu asubuhi limekuwa zito bila wewe kujua. Ongeza maji au tina kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, na upime. Likisema asilimia 10, hiyo ni nusu lita kwa lita 5 za rangi. Mafundi wengi hukadiria kwa macho, ndiyo maana chumba kimoja kinatoka vizuri na cha pili kina michirizi.

Kisha mkono wenyewe. Nitaeleza ninavyopaka ubao mmoja wa mlango kwa rangi ya mafuta, brashi ya inchi mbili. Nachovya theluthi moja ya urefu wa nywele, si zaidi. Nagonga brashi taratibu kwenye kuta za ndani za kopo, kushoto na kulia, rangi iingie katikati ya nywele. Siikwangui ukingoni, maana kuikwangua ni kuitoa rangi uliyoifuata na kuingiza mapovu. Naweka mistari miwili mitatu ya wima, imeachana. Naisambaza kwa kulala, kushoto kulia, mpaka ubao wote umefunikwa. Halafu, bila kuchovya tena, nailaza: brashi nusu kavu, nimeiinamisha, naivuta wima kwa uzito wake tu, nikianzia upande mkavu kuelekea rangi mbichi, na mwishoni nainyanyua taratibu kama ndege anayeruka. Mara moja kila mstari. Nikimaliza sirudi. Yule anayerudi dakika tano baadaye "kurekebisha kidogo" ndiye anayechimba mifereji isiyofunikika.

Mlango wenye vibao vya ndani una utaratibu wake: vibao kwanza, kisha miti ya kulala, mwisho miti ya wima ya pembeni. Ukifuata hivyo, kila alama ya kuvuka inafutwa na mti unaofuata, na brashi inamalizia kufuata uzi wa mbao. Kwa ukuta, kata kona, yaani paka kwa brashi kingo ambazo rola halifiki, mita mbili hivi, kisha mwenzako apite na rola papo hapo. Ukikata kona chumba kizima kwanza, ukirudi na rola kona zimeshakauka, na utaona fremu iliyozunguka ukuta kama picha.

Michirizi ikishakauka, mkono mwingine hauifichi, unaikuza. Acha rangi ya mafuta ikauke kweli, siku kadhaa, upige msasa wa maji namba 220 hivi hadi mkono usihisi mfereji, ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo upake mkono mmoja mwembamba. Kama nyumba ni ya zamani na hujui rangi ya chini ni ya miaka gani, usipige msasa mkavu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto. Lowesha, vaa barakoa, ondoa watoto, okota takataka zote.

Rangi inatiririka

Machozi kwenye mlango yana chanzo cha kinyume: rangi imekaa nyingi mahali pamoja, au umeizidishia tina. Mahali pake ni palepale siku zote, kwenye pembe za vibao, chini ya bawaba, kwenye kingo za grili. Brashi iliyoshiba inapopita juu ya pembe inakamuliwa na kuacha tone, nawe umeshaendelea. Paka pembe kwa brashi iliyopungua rangi, na vuta kutoka pembeni kwenda nje, usisukume ndani. Kila baada ya dakika chache rudisha macho, si brashi, kwenye ulichopaka.

Chozi likiwa bichi, livute juu kwa brashi tupu. Likiwa limeweka ngozi, usiliguse. Utalichana na ndani litamwagika. Subiri, hata wiki, maana chozi ni nene na linakauka polepole. Likate kwa wembe, upige msasa.

Tatizo lililo ndugu wa hili ni rangi kutiririka hadi kwenye kiwiko ukipaka dari. Umechovya hadi kwenye bati. Punguza, na toboa kipande cha kadibodi au kifuniko cha plastiki ukivishe kwenye mpini kama sahani.

Mstari wa kona haunyooki

Wengi hulaumu mkono unaotetemeka. Tazama ncha ya brashi. Ikiwa imechanuka, hata mkono wa daktari wa upasuaji hautanyoosha mstari. Ikiwa ncha ni nzima, kosa ni kuanza juu ya mstari wenyewe na brashi iliyojaa. Anza nusu inchi pembeni, rangi ya ziada itoke hapo, kisha bonyeza kidogo nywele zifunguke, sogea taratibu mpaka ukingo wa nywele ufike kwenye mstari, uvute mfululizo kwa bega, si kwa kifundo cha mkono. Brashi iliyokatwa mshazari husaidia, kwa kuwa nywele ndefu zinatangulia na kukuonyesha njia.

Nani anyooshe mstari wa rangi ya mafuta kuliko wachoraji wa Tingatinga? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kawaida za dukani juu ya vipande vya hadibodi, na hadi alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo unaolisha familia nyingi mpaka leo. Kaa karibu na mchoraji wa aina hiyo umtazame anavyochora jicho la ndege. Rangi ya chini imekauka kabisa. Brashi ni ndogo kama njiti, imechovywa ncha tu, na kidole kidogo kimeegemea ubao kama nguzo. Anaweka tone, hasugui. Hayo matatu, ukavu wa chini, ncha yenye rangi kidogo na mkono ulioegemezwa, yanafaa hata kwa anayekata kona ya dari.

Mapovu, chembe na vidoa

Kwa haraka, maana hapa dalili inajitaja yenyewe. Mapovu kwenye vanishi: umelitikisa kopo badala ya kukoroga polepole, au unakwangua brashi ukingoni. Chembe ngumu kama mchanga: rangi ya kazi iliyopita imekauka kwenye shina la nywele, sasa inabanduka, chuja rangi kwa kitambaa chepesi na ubadilishe brashi. Vishimo vidogo vya mviringo kwenye rangi ya mafuta: brashi ilioshwa kwa maji ikatumika kabla haijakauka, au imeshika mafuta. Mistari ya kahawia kwenye rangi nyeupe: bati limepata kutu. Ndiyo maana mimi nina brashi za maji na brashi za mafuta, na mipini nimeifunga uzi wa rangi tofauti. Hazibadilishani kazi.

Imechanuka, au imekuwa jiwe

Brashi iliyochanuka, iliyogawanyika vidole vidole, imeharibiwa na mambo mawili. Imesimamishwa juu ya nywele zake kwenye kopo, au imeoshwa ncha na kuachwa shina. Rangi hukauka kuanzia pale nywele zinapoingia kwenye bati. Kila kazi inaongeza tabaka, tabaka linazisukuma nywele nje.

Kuosha kwa kweli ni hivi. Kwanza toa rangi, usikimbilie maji: kamua kwenye ukingo wa kopo, kisha paka kwenye gazeti au kadibodi mpaka inakaribia kukauka. Rangi ya maji, osha kwa maji na sabuni, ukiipinda nywele kwenye kiganja na kuingiza dole gumba shinani mpaka maji yatoke meupe. Rangi ya mafuta, tia tapentaini kidogo kwenye kopo, isukumesukume brashi humo, kamua, badilisha tapentaini, rudia mara tatu. Kidogo mara tatu kinashinda kingi mara moja. Malizia kwa sabuni ya kipande. Ichane, irudishie umbo lake kwa vidole, ivishe gazeti lililokunjwa na kufungwa uzi juu ya bati, uitundike nywele zikitazama chini ili maji yasirudi kwenye gundi. Tapentaini chafu iache itulie kwenye kopo lililofunikwa. Rangi itazama, juu utapata safi ya kutumia tena. Usiimwage mtaroni. Na matambara yaliyolowa vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani usiyarundike kona ya stoo: hupata joto yenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Yaanike moja moja nje, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Kama unakatisha kazi kwa chakula cha mchana tu, huna haja ya kuosha. Izungushie karatasi ya plastiki hewa isiingie. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo mimi hutunza lile kasha la plastiki brashi ilimokuja, linaivaa sawasawa.

Ikishakuwa jiwe, jaribu kabla ya kutupa. Ya rangi ya mafuta, toboa tundu kwenye mpini, pitisha waya, uining'inize ndani ya kopo la tapentaini ncha zisiguse chini na tapentaini isifike kwenye bati. Baada ya siku moja chana kwa brashi ya waya, kufuata urefu wa nywele, kamwe si kukatisha. Ya rangi ya maji hulainishwa na spiriti, mbali na moto. Ikirudi laini lakini imechanuka, ifunge gazeti lililolowa maji ya sabuni kwa siku mbili. Isiporudi, bado ina kazi: kufagia vumbi kwenye pembe kabla ya kupaka, au kupaka dawa ya mchwa kwenye mbao za paa.

Chokaa imekula nywele

Umepaka ukuta wa uani chokaa kwa brashi nzuri, siku mbili baadaye nywele zinakatika kama nyasi kavu. Chokaa iliyozimwa kwa maji ni kali, na nywele za mnyama ni za asili moja na nywele zetu na kucha, chokaa inazila. Wazee walijua, ndiyo maana walipaka kwa brashi za nyuzi za mkonge au za mimea mingine, zilizofungwa fungu nene. Mkonge unaivumilia chokaa na unabeba maji mengi. Ukikosa, tumia brashi pana ya nailoni, uisuuze hapohapo. Vaa miwani na glavu: kinachokula brashi kinaweza kukuunguza jicho.

Pale brashi isipokuwa na kosa

Rangi ikibanduka vipande vipande, ikifanya malengelenge, au ukuta ukitoa unga mweupe wenye chumvi, iache brashi. Ukuta una maji. Plasta mpya inahitaji wiki nne hivi kabla ya kupakwa, na nyumba za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe au Lamu, hupandisha unyevu na chumvi kutoka chini kwa miaka yote. Ukiziba ukuta wa namna hiyo kwa rangi ya plastiki, maji yanatafuta pa kutokea na kuisukuma rangi nje. Chokaa inauacha upumue.

Kuna kipimo cha bure. Kata kipande cha karatasi ya plastiki, kama shibiri mbili kwa mbili, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi kibandue utazame upande uliokuwa umegusa ukuta. Ukikuta matone, usifungue kopo. Tafuta bomba linalovuja, paa linaloingiza maji, au udongo uliorundikwa nje kupita msingi, na brashi iendelee kutundikwa.